Pindua Gari Kwanza: Unalipia Nini Kwenye Chesisi ya Gari la Sloti

Weka mezani magari mawili ya sloti ya kipimo cha 1/32, yote ya mbio za Le Mans, rangi zimekolea, namba ubavuni, dereva na kofia yake ngumu. Katika maduka ya Uingereza moja linauzwa pauni 45 hivi, jingine linakaribia 80. Ukiyatazama kwa juu huioni hiyo tofauti ya pauni 35. Pengine lile la bei ya chini ndilo lenye taa zinazowaka na vioo vya pembeni vilivyochongwa kwa makini zaidi. Sasa yapindue. Chini ya la kwanza kuna kipande kimoja cha plastiki, mota imebanwa humo humo, kijisumaku kimekaa karibu na ekseli ya nyuma, na skrubu hazizidi nne. Chini ya la pili kuna plastiki mbili, moja ndani ya nyingine, skrubu zimetapakaa, na ile sehemu iliyobeba mota inacheza ukiisukuma kwa kidole. Pauni 35 zako ziko hapo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: katika mchezo huu mnunuzi analipia skrubu. Kadiri bei inavyopanda ndivyo vinavyoongezeka vitu unavyoweza kulegeza, kukaza, kusogeza na kubadilisha. Usipovigusa, umelipia bure. Na ukinunua gari lisilo navyo kisha ukataka kushindana, utavilipia baadaye kwa bei ya rejareja, kimoja kimoja.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, gari la sloti ni gari dogo la umeme linalokimbia juu ya barabara yenye mfereji mwembamba. Chini ya pua yake kuna ulimi wa plastiki unaoingia mferejini, na pembeni mwa ulimi kuna nyuzi za shaba zilizosukwa, zinazofagia vyuma viwili vya umeme kandokando ya mfereji. Wewe umeshika kidhibiti chenye kifyatulio. Hakuna usukani. Kazi yako ni kuongeza na kupunguza mwendo tu, na ukiingia kona kwa pupa mkia unatupa, ulimi unachomoka, gari linaruka hadi chini ya kochi. Kila kitu kinachozuia gari lisifike chini ya kochi kimo kwenye chesisi na matairi. Bodi inabeba sura, na uzito wake hasa ni kero.

Mwanzoni chesisi haikuwa jambo la kuumiza kichwa. Mwingereza Fred Francis, mwenye kampuni ya Minimodels, alikuwa akiuza magari ya bati ya kujaza kwa springi yaliyoitwa Scalex. Mwaka 1957 alionyesha toleo la umeme katika maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini Harrogate, akaliita Scalextric. Mota ilipachikwa ndani ya bati lile lile, na kidhibiti kilikuwa kitufe cha kuwasha na kuzima. Mwaka uliofuata aliiuza kampuni kwa Lines Bros, wenye jina la Tri-ang, na mwaka 1960 yakaja magari ya plastiki, Lotus na Vanwall yakitangulia. Kuanzia hapo fomula ya gari la nyumbani ikakaa: sakafu ya plastiki iliyomiminwa, mota imebanwa, ekseli zinapita kwenye matundu. Fomula hiyo bado inauzwa, na si mbaya. Ni rahisi kutengeneza, haina cha kulegea, na mtoto akilikanyaga gari, uwezekano wa kupona upo.

Wamarekani ndio walioivuruga. Katikati ya miaka ya 1960 Marekani ilijaa kumbi za biashara zenye barabara kubwa za njia nyingi, watu wakilipia muda wa kukimbiza. Gari lililopendwa huko lilikuwa la 1/24, kubwa na zito zaidi, na ushindani ulikuwa wa wiki kwa wiki. Cox ya California iliuza magari yenye chesisi za magnesi, maana magnesi ni nyepesi na ngumu. Wengine walitumia alumini. Lakini waliokuwa wakishinda mara nyingi ni vijana waliokuwa na chuma cha kutilia lehemu, vipande vya shaba ya manjano na waya mgumu wa chuma. Usiku wanaunda, kesho yake wanapeleka ukumbini, wakishindwa wanabomoa na kuunda upya. Viwanda vikubwa havikuweza kwenda na kasi hiyo. Kabla miaka ya 1960 haijaisha homa ile ilikuwa imepoa na kumbi nyingi zimefungwa, lakini majibu waliyoyapata vijana wale ndiyo tunayouziwa leo yakiwa ndani ya boksi.

Swali lao kubwa lilikuwa mota ikae vipi. Mota ikilala kwa urefu wa gari, gia yake inageuza mzunguko kwa pembe mraba kwenda kwenye ekseli. Mpangilio huo unaacha nafasi pembeni na unafaa gari jembamba, kama yale ya Grand Prix ya zamani. Tatizo ni kwamba kila ukifyatua, mota nayo inataka kujigeuza upande wa pili, basi gurudumu moja la nyuma linakandamizwa na la pili linapunguziwa uzito. Ukiwa kwenye barabara iliyonyooka hulioni. Ukitoka kwenye kona ya kushoto gari liko sawa, ukitoka kwenye ya kulia linapepesuka, unaanza kulaumu matairi.

Mota ikilazwa kukingama, sambamba na ekseli, msukumo ule hauinamishi gari upande wowote, na gia za meno ya kawaida hupoteza nguvu kidogo. Lakini uzito wote umerundikana nyuma, na upana wa gari unakuwekea mpaka. Ndipo ukaja mshazari: mota inakaa kwa pembe, kichwa chake karibu na ekseli, kitako chake kimesogea mbele. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 mshazari ulikuwa umeshinda katika mbio kubwa za 1/24, na haujashuka tangu hapo. Leo ukisoma kwenye boksi la gari la Italia jina la mmoja kati ya mipangilio hiyo mitatu, unasoma ugomvi wa miaka ile.

Jibu lao la pili lilikuwa mkono. Badala ya kufunga ulimi kwenye chesisi moja kwa moja, waliuweka kwenye mkono wenye bawaba, ushuke wenyewe kwa uzito wake. Barabara ikiwa na mgongo, pua ya gari ikainuka kidogo, ulimi unabaki ndani. La tatu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, lilikuwa kuitenganisha bodi na mota. Walitengeneza mabawa ya shaba kandoni, yanayoning'inia kwa bawaba, bodi ikashikwa na mabawa hayo. Mtetemo wa mota ukawa haufiki kwenye bodi, na mtikisiko wa bodi ukawa haufiki kwenye magurudumu. Gari lenye bodi inayochezacheza linashika kona kuliko lililokazwa kama ngumi. Mgeni akiambiwa hivyo hucheka, mpaka ajaribu.

Sasa tuingie sokoni. Bei nitakazotaja ni za kukadiria, kama zilivyo kwenye maduka ya Ulaya na Marekani. Zinapanda, zinashuka, na gari lililoacha kutengenezwa huwa na bei yake mwenyewe.

Mrithi wa moja kwa moja wa vijana wale, kwa mtu mwenye ukumbi karibu, ni chesisi ya chuma iliyopigwa kwa mashine: bati la chuma katikati, mabawa mawili pembeni, yameunganishwa kwa namna ya kunyumbuka. Parma na Champion walizieneza, na JK wanazo. Chesisi tupu huwa kati ya dola 20 na 30. Hapo hujanunua mota, gia, magurudumu wala bodi nyembamba ya plastiki angavu, ambayo inachanika na kununuliwa tena kama matairi ya pikipiki. Hata hivyo, ukigawa mwendo kwa fedha, sijui kitu kingine chenye thamani hiyo. Iliyoungwa kwa mkono kwa shaba na waya, inayotumiwa na wapenzi wa mbio za mtindo wa zamani, mara nyingi hupita dola 100 na inastahili, maana ni saa za kazi za fundi. Lakini gari la ukumbini ni la ukumbini. Liko chini mno, lina kasi mno, na kwenye barabara ya plastiki sebuleni litakwaruza na kukwama.

Kuna tawi lingine la ukoo huu ambalo watu wazima hulidharau: magari madogo ya urefu wa kidole, yanayoitwa HO. Aurora ya New York ilitoa mwaka 1963 chesisi iliyoitwa Thunderjet, na mpaka leo naiona kuwa mchoro wenye akili kuliko yote katika mchezo huu. Mota haikuwekwa kwenye chesisi. Chesisi yenyewe ndiyo mota. Kitu cha katikati kinachozunguka kimelala bapa kama chapati, sumaku zake ziko mbele na nyuma, na gia zimepangwa juu ya kibao cha juu. Unaifungua kwa mkono, unasafisha, unatia tone la mafuta, unairudisha. Mwaka 1974 Aurora hao hao wakaleta Magna-Traction, ambapo sumaku za mota ziliteremshwa mpaka zikavuta vyuma vya barabara, na gari likaanza kunata. Mwaka 1976 wakaja na G-Plus, mota ya kulala kwa urefu. Baada ya hapo HO ikawa vita vya sumaku. Za leo zinapita kona bila kupunguza mwendo kwa kasi ambayo jicho halifuati, na baada ya nusu saa mchezo umekuchosha. Auto World wanatengeneza upya Thunderjet. Kwa dola 30 hivi unapata gari linaloteleza na kukufundisha mkono. Kama chumba chako ni kidogo, anzia hapo, na ulinunue hilo badala ya lile linalonata.

Sumaku inahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu wanunue vibaya. Katika 1/32 Scalextric walianza kuitumia mwisho wa miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 kampuni za Hispania kama Ninco na Fly zikainua ubora wa bodi na kufufua soko la watu wazima, na sumaku ikawa kitu cha kawaida chini ya kila gari. Kwa mtengenezaji ni dawa nzuri. Huhitaji chesisi iliyonyooka, huhitaji tairi la duara kamili, huhitaji ekseli isiyochezacheza. Sumaku inalivuta gari chini na kuficha kasoro zote. Kwa mtoto wa miaka 8 pia ni dawa nzuri, maana gari halichomoki kila kona naye hakati tamaa.

Ila sumaku inahitaji chuma cha kuvutia. Barabara ya Scalextric ina vyuma vinavyovutika sana. Ya Carrera ya Ujerumani ina vyuma visivyoota kutu, na mvuto wake ni hafifu zaidi, ndiyo maana gari lililozoea Scalextric likipelekwa Carrera linaonekana limelewa. Na barabara ya mbao iliyobandikwa utepe wa shaba haivutwi kabisa. Shaba haina habari na sumaku. Kwa hiyo kabla ya kuuliza gari gani, uliza barabara gani. Kwenye mbao, gari la pauni 45 linalotegemea sumaku linabaki na chesisi yake tupu, na hapo unagundua ekseli inacheza, tairi ni yai, na mota inatetemesha kila kitu.

Linaweza kurekebishwa? Linaweza, na hesabu yake ni hii. Matairi mapya ya urethani, jozi pauni 6. Beringi 4. Ekseli iliyonyooka 4. Rimu za alumini 10. Gia na pinioni 7. Mota yenye nguvu zaidi 15. Jumla pauni 46, juu ya 45 ulizotoa mwanzo: 91. Na bado hujapata kitanda cha mota, ile sehemu inayocheza ukiisukuma kwa kidole, kwa kuwa plastiki ni ile ile moja. Gari la Slot.it ya Italia, lenye vyote hivyo tangu kiwandani pamoja na kitanda, huuzwa kama pauni 60. La NSR au Thunderslot, Waitaliano pia, kati ya 65 na 90. Hapo utaona kwamba rahisi ni ghali, lakini kwa mtu anayekimbia kwenye mbao tu. Kwa anayekimbia na watoto kwenye plastiki yenye chuma, zile 45 zinatosha, na akiongeza matairi ya pauni 6 amemaliza. Tena Scalextric wana toleo la bodi ngumu isiyovunjika ovyo, lisilo na vioo vya kung'oka, na huwa nafuu kuliko lenye madoido. Wazazi wengi hulipita rafuni kwa sababu taa zake hazivutii. Wanakosea.

Kitanda cha mota ndicho kilichobadilisha gari la nyumbani. Ni fremu ndogo ya plastiki inayobeba mota na ekseli ya nyuma pamoja, halafu fremu hiyo inakaa ndani ya chesisi kwa skrubu. Ni yale mabawa ya shaba ya miaka ya 1960, yamegeuzwa ndani nje. Slot.it wanauza vitanda vya mota ya urefu, ya mshazari na ya kukingama, na katika magari yao mengi unaweza kung'oa kimoja ukaweka kingine bila kubadilisha chesisi. Wanavitofautisha hata kwa nusu milimita, kati ya mahali mota ilipo na mahali ekseli ilipo. Kitanda kimoja ni pauni 6 au 7. Kwa fedha hiyo unabadilisha tabia ya gari zima, kitu ambacho Cox isingeweza kukuuzia.

Namna ya kukitumia ni hii. Chukua bisibisi nyembamba. Skrubu za bodi kaza mpaka mwisho, kisha rudisha nyuma nusu mzunguko mpaka kimoja. Bodi ishikwe, lakini ukiitikisa isikike. Skrubu za kitanda fanya hivyo hivyo, ila rudisha kidogo zaidi kwa zile za nyuma, na za mbele ziache karibu na kukaza. Weka gari juu ya kioo cha dirisha: magurudumu yote manne yaguse, na ulimi uweze kushuka huru. Gurudumu la mbele likielea wembamba wa karatasi si kosa. La nyuma likielea, chesisi imepinda, na plastiki iliyopinda hunyooshwa kwa kuifunga juu ya ubao ulionyooka na kuitia katika maji ya moto. Kisha matairi. Bandika msasa laini kwenye barabara, shikilia gari magurudumu ya nyuma yakisugua msasa, toa umeme mdogo kwa sekunde chache, inua, tazama. Ukiona upande mmoja umechubuka na mwingine unang'aa, tairi ni yai, endelea. Kazi hii haigharimu kitu na inashinda mota mpya ya pauni 15. Mtu anayenunua mota kabla ya kusaga matairi ananunua njia ya haraka ya kwenda chini ya kochi.

Kuhusu mota zenyewe, usibabaishwe na namba za mizunguko. Ya kawaida ya Scalextric inatajwa kuwa na mizunguko 18,000 kwa dakika, na za Waitaliano hupita 20,000. Katika barabara ya nyumbani yenye kona nyingi, 18,000 zilizotulia ni nyingi.

Kwa upande wa 1/24 sitakawia. Ujerumani na Hispania kuna ushindani mzuri wa magari makubwa ya chesisi za chuma, zikiwemo za Plafit na Scaleauto. Gari zima la Scaleauto huzidi euro 150. Chesisi hizo ni kazi ya mashine ya kupendeza, kila kitu kinarekebishwa, lakini zinahitaji barabara pana na nguvu ya umeme ya kutosha. Nunua kama una klabu. Peke yako nyumbani ni saa ya dhahabu isiyo na mshale.

Chesisi za kuchapishwa kwa mashine za 3D zinakuja juu, na ndizo ninazoziona zitakazobadilisha bei. Mtu anachora chesisi ya gari fulani, anaipakia mtandaoni, wewe unaagiza ikiwa ya nailoni. Faida kubwa ni kwa bodi za zamani: una ganda zuri la miaka ya 1990 lenye sakafu mbovu, unapata sakafu mpya yenye kitanda cha kisasa. Unyumbukaji wa nailoni ni tofauti na wa plastiki ya kumimina, na wachoraji si sawa. Wapo wanaopima, wapo wanaokisia. Kabla hujalipa uliza vitu viwili: imekusudiwa kitanda cha kampuni gani, na ulimi wa kina gani.

Dijitali nayo ina gharama yake ndani ya chesisi. Ili magari mawili yatumie mfereji mmoja na kuhama njia, kila gari linahitaji chipu. Scalextric wameacha kidirisha chini ya magari mengi, unafungua, unachomeka chipu inayouzwa peke yake. Carrera wanauza gari la dijitali likiwa na chipu tayari, na la analogi kwa bei ndogo zaidi. Ukiwa na shaka, kwa Scalextric nunua lenye kidirisha. Hulipii sana na mlango unabaki wazi. Kwa Carrera amua mapema. Usichanganye mifumo miwili ukitumaini itaelewana.

Magari ya kale nayo yana wateja. Magnesi ya miaka ya 1960 huota unga mweupe. Omba picha ya chini ya gari, si ya juu, na kama muuzaji hana picha ya chini, mwache. Matairi ya wakati huo yamekuwa mawe. Sumaku za mota nazo huchoka. Nunua la kale kwa kuliweka kabatini, na kwa kukimbiza nunua toleo la kuiga.

Kwa msomaji wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, hesabu inageuka kidogo, na inageuka kwa manufaa. Gari la 1/32 lina gramu 80 hivi. Hata matano yanaingia kwenye mkoba wa mtu anayetoka London. Seti yenye barabara ni boksi kubwa la kilo kadhaa, na usafiri wake, kabla ya ushuru, unaweza kukufanya ujute. Aliyeamua kuleta seti nzima alete ya Uingereza: umeme wetu ni wa volti 230 hadi 240 na plagi zetu za pini tatu bapa ndizo za huko. Seti ya Marekani ni ya volti 120. Soma kibandiko cha adapta kabla ya kuchomeka, kisiposema inapokea mpaka 240 utasikia harufu.

Lakini kwa nini ulete barabara? Ubao wa MDF upo kwa kila seremala, na wengi wana mashine ya ruta. Mfereji ni milimita 3 upana na 7 au 8 kina, njia zikiachana sentimita 9 au 10. Utepe wa shaba wenye gundi unaagizwa kwa posta, ni mwepesi. Umeme ni wa volti 12 za mkondo wa moja kwa moja (DC), na mafundi wa elektroniki wanazo adapta za kurekebisha volti mezani. Barabara hiyo itakuwa tambarare kuliko plastiki yoyote ya kuunganisha, haina viungo vya kukatakata umeme, na mpangilio wa kona ni wako.

Na kwa kuwa ni mbao na shaba, uamuzi wa gari umeshafanyika: sumaku haina kazi, itoe, usiilipie. Ningekuwa na pauni 130 ningenunua Slot.it mbili zinazofanana, zenye mota ya urefu, ili mashindano yawe ya watu na si ya magari. Gia zake ni rahisi kupanga kuliko za mshazari, na mota yake ni ya aina ya kawaida. Juu ya hapo ningeongeza vipuri vidogo: pinioni mbili, jozi mbili za matairi, ndimi mbili, na pakiti ya nyuzi za shaba. Nyuzi ndizo zinazokwisha kwanza, na bila hizo gari la pauni 60 halisogei.